Sura ya Sita: Jogoo wa Maganzo, Ndoano ya Kijapani

Ukishuka kwenye basi la Mwanza pale Maganzo, haichukui muda kugundua kuwa mji huu unaishi kwa vitu vidogo. Mtu ameketi kibarazani, anafungua karatasi iliyokunjwa mara kadhaa, na ndani yake kuna kijiwe ambacho ukipiga chafya kimepotea. Mwenzake anakichukua kwa kibano, anakiinua kwenye mwanga, anasogeza lenzi jichoni, anatikisa kichwa. Bei inatajwa, inakataliwa, karatasi inakunjwa tena. Mwadui ni jirani tu: mgodi aliouanzisha mjiolojia wa Kikanada, John Williamson, baada ya kuugundua mwamba wa almasi hapo mwaka 1940. Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyokwenda kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Wachimbaji wadogo wa vijiji vya Kishapu wanaochekecha changarawe, na madalali wanaowasubiri Maganzo, wote wanafuata kanuni ileile: kitu kikiwa adimu, udogo wake haupunguzi bei.

Sura hii inahusu kitu kidogo vilevile, kinachotembea kwenye karatasi vilevile na kushikwa kwa kibano vilevile, ila biashara yake inakwenda kinyume kabisa na ya almasi. Ni kebari, ndoano ya Kijapani iliyovikwa uzi na unyoya ili samaki aione kama mdudu. Malighafi yake inatupwa jalalani kila siku nyuma ya vibanda vya kuku. Wanaoipenda hawaiuzi sana, wanabadilishana. Na mabadilishano hayo yanawezekana kwa sababu moja tu, kwamba hakuna kilicho adimu ndani yake.

Tuanze na wenyewe. Kwenye mito ya milimani huko Japani, ambako wanaishi samaki wa maji baridi waitwao iwana, yamame na amago, watu walivua kwa mtindo unaoitwa tenkara. Vifaa ni vitatu: fito ndefu, mshipi uliofungwa moja kwa moja kwenye ncha ya fito, na kebari mwishoni. Hakuna gurudumu la kukunjia uzi. Hakuna chambo, iwe mnyoo au utumbo wa kuku. Mwanadiplomasia wa Uingereza, Ernest Satow, aliutaja uvuvi wa namna hiyo katika shajara yake ya mwaka 1878, na wenyeji walikuwa wameuzoea zamani kabla yake. Hawakuwa watu wa starehe. Walivua ili wauze samaki kwenye nyumba za wageni za huko milimani, na anayevua kwa ajili ya kuuza hana muda wa kubadilisha kebari kila samaki mmoja anapoikataa. Alikuwa na aina moja au mbili, akizifunga mwenyewe usiku kwa uzi wa kushonea na manyoya yaliyopatikana nyumbani. Kila bonde lilikuwa na mtindo wake, na mwenye mtindo hakuwa na haraka ya kuuonyesha kwa mtu wa bonde la pili.

Tenkara ilivuka bahari juzijuzi tu. Mwaka 2009 Daniel Galhardo, mzaliwa wa Brazili aliyehamia Marekani, alianzisha huko kampuni ya kuuza fito hizo, Tenkara USA. Nyuma yake alikuwepo mwalimu wake, Dk. Hisao Ishigaki, mtu aliyejipatia jina kwa kuvua miaka nenda rudi kwa muundo mmoja tu wa kebari: mwili wa uzi mtupu, unyoya wa jogoo, kwisha. Wavuvi wa Marekani na Ulaya, waliozoea kubeba masanduku yenye mamia ya vidudu bandia, kila kimoja kwa saa yake na mwezi wake, walimtazama kwa mshangao. Baadhi walikasirika.

Mtu wa Kanda ya Ziwa akielezwa haya anaweza kucheka. Ufito, mshipi kwenye ncha, ndoano: si ndivyo watoto wanavyovua furu juu ya majabali ya Mwanza siku zote? Ndivyo hasa. Tofauti iko kwenye kile kinachofungwa mwishoni, na hapo ndipo panapostahili muda wetu.

Kwanza unyoya. Kuku wa kienyeji ana manyoya ya aina nyingi, lakini yanayokufaa ni ya shingoni. Ya jogoo ni membamba, magumu, yanang'aa. Yanasimama imara hata maji yakikimbia. Ya tetea ni laini na mapana kidogo. Yanacheza hata maji yakiwa yametulia. Kwa kuwa maji mengi ya Shinyanga ni ya mabwawa na malambo, mimi naanza na tetea. Muhimu ni kumuwahi mchinjaji. Kuku akishachovywa kwenye maji ya moto manyoya yanajikunja na kuanza kunuka, kwa hiyo omba ya shingo yang'olewe kabla. Ukiyapata, yaoshe kwa sabuni, yaanike kivulini, uyafunge kwenye bahasha pamoja na kidonge cha nafthalini, la sivyo wadudu watayamaliza kabla yako.

Pili ndoano. Hapa duka litakuchanganya, kwa sababu namba hupanda kadiri ndoano inavyozidi kuwa ndogo, na kila kiwanda kina ngazi yake. Ndoano ambayo mvuvi wa sangara anaiita ndogo ni nanga kwa kazi hii. Achana na namba, tumia jicho: mgongo wa ndoano usizidi sana upana wa ukucha wa kidole chako kidogo, na chuma kiwe chembamba.

Tatu uzi. Mweusi wa cherehani unatosha. Tuko katikati ya nchi ya pamba, na inavutia kutumia uzi wa pamba, lakini ule wa poliesta hauozi upesi. Pamba itafaa kwa jambo jingine: kanda ya Kishapu ina pamba mbichi kila msimu, na ukiisokota kidogo juu ya uzi kwa kidole chenye nta, unapata mwili mnene wenye nywelenywele. Wajapani hutumia manyoyamanyoya ya mmea wa zenmai kwa kazi hiyohiyo.

Sasa kufunga. Wazee wa tenkara wanaishika ndoano kwa vidole. Jiriwa si lazima, ingawa anayeanza atashukuru akiwa nayo. Shika ndoano kwa kidole gumba na cha shahada, mkono wa kushoto, jicho la ndoano likitazama kulia. Anza uzi nyuma kidogo ya jicho, uzungushe mara tano au sita ukiukanyaga mwisho wake. Chukua unyoya, ondoa pamba yote ya chini hadi ubaki na kijiti chenye nyuzi safi, kisha ufungie hapo huku upande wake wa ndani, ule uliobonyea, ukitazama mbele. Uzungushe mara tatu. Mara nne kama ni mwembamba. Zaidi ya hapo umetengeneza brashi. Kaza kwa uzi, kata kilichobaki. Nyuzi za unyoya zitakuwa zimesimama pande zote. Zisukume mbele kwa ukucha na uzungushe uzi nyuma yake mpaka zikae zimeinamia jicho, kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Baada ya hapo peleka uzi nyuma hadi ndoano inapoanza kupinda, rudi nao taratibu ukijenga mwili, mwembamba nyuma na mnene mbele. Malizia nyuma ya unyoya kwa vitanzi vitatu vinavyojikaza, tone la rangi ya kucha, kata.

Huo ndio mtindo uitwao sakasa, wa kinyume. Vidudu bandia vya Waingereza vina unyoya uliolala kuelekea nyuma, na ukivivuta vinajibana kama vilivyo. Unyoya wa sakasa umeelekea mbele. Ukiinua ncha ya ufito kidogo, maji yanausukuma nyuma, ukilegeza, unafunguka. Inua, legeza, inua, legeza. Kwa mbali unaona kitu kinapumua ndani ya maji, na furu au perege mdogo aliyezoea kula wadudu naye anaona hivyo. Mtu mzoefu anafunga moja kwa dakika chache. Anayeanza atakata uzi, atajichoma, na ya kwanza itafanana na buibui aliyekanyagwa, lakini samaki ataichukua.

Nisije nikaonekana nadai kwamba Japani yote ni ya uzi na tetea. Japani hiyohiyo ina upande wa fahari. Mjini Kanazawa kuna kebari za kuvulia samaki aitwaye ayu, zinazoitwa Kaga kebari, ambazo zimetumika tangu enzi za samurai wa ukoo wa Maeda. Duka moja la huko, Meboso Hachirobei, lilianza kama duka la sindano mwaka 1575 na bado linazitengeneza. Zina manyoya ya rangi nyingi, laka, na jani la dhahabu lililobandikwa kwenye kifundo kisichozidi kichwa cha pini. Mtu wa Geita, anayejua jasho linalomwagika kupata gramu moja, ana haki ya kuuliza kama samaki anaiona karati. Ni vitu vya kupendeza mno, na ukivaa kimoja kama hereni, kama wanavyofanya watalii wa Kanazawa, hakuna atakayekushangaa. Kubadilishana navyo ni jambo jingine. Ukimpa mwenzako kitu kilichomgharimu fundi nusu siku na dhahabu, unamwachia deni.

Na adimu ikiingia kwenye manyoya, tunayajua matokeo. Uingereza ya karne ya 19 ilipenda vidudu bandia vya kuvulia salmoni vilivyoundwa kwa manyoya ya ndege wa Amerika Kusini na Asia, na hadi leo wapo mafundi wanaovifunga kwa kufuata vitabu vya zamani hivyohivyo, wengi wao bila kukusudia kuvitia majini. Ndege wenyewe sasa wanalindwa kisheria, kwa hiyo manyoya yao ya kale yana bei ya vito. Mwezi Juni 2009 kijana Mmarekani, Edwin Rist, mwanafunzi wa filimbi kwenye chuo cha muziki mjini London, alivunja dirisha la jumba la makumbusho la Tring na kuondoka na ngozi 299 za ndege, baadhi yake zikiwa zimekusanywa na Alfred Russel Wallace zaidi ya karne moja na nusu kabla. Aliziuza kwa mafundi wa vidudu vya salmoni, nyingine nzima, nyingine unyoya mmojammoja kwenye vipakiti. Alikamatwa mwaka 2010, na akakwepa jela. Ngozi nyingi zilipatikana bila vile vibandiko vya mahali na tarehe, na ngozi isiyo na kibandiko haina tena kazi kwa mwanasayansi. Msomaji wa Maganzo hahitaji kuelezwa jinsi kitu kidogo kinavyoweza kumtoa mtu akilini. Anachoweza kushangaa ni kwamba safari hii kilikuwa ni unyoya.

Kuku naye hakusalimika. Mwaka 2011 wasichana wa Marekani walianza kusuka manyoya marefu ya jogoo kwenye nywele, yaleyale ya majogoo waliozalishwa kwa miaka mingi kwa ajili ya wavuvi, na kwa miezi kadhaa saluni ziliwashinda wavuvi bei. Mafundi wa vidudu bandia walilia. Waliokuwa wakifunga kebari kwa kuku yeyote hawakuwa na cha kulilia.

Karibu zaidi na kwetu iko Kenya. Samaki trauti waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na kupandwa kwenye mto Gura, milima ya Aberdare. Ewart Grogan ndiye anayehusishwa na kazi hiyo. Baada ya samaki wakaja wavuvi, na baada ya wavuvi wakahitajika mafundi wa kufunga ndoano. Mito ya Mlima Kenya ikazaa hata muundo wake, Kenya Bug, mweusi mwili na unyoya, ambao ukiutazama haraka unaweza kudhani umefungwa na Mjapani aliyekosa rangi. Polepole kazi ile ikawa biashara ya nje. Leo sehemu kubwa ya vidudu bandia vinavyouzwa Ulaya na Marekani hufungwa na mikono ya Wakenya. Kampuni ya Kiingereza ya Fulling Mill, kwa mfano, ina kiwanda chake Nairobi. Ni kazi ya ustadi wa kutisha. Fundi anatoa dazeni baada ya dazeni, kila kimoja sawasawa na mwenzake, kwa ajili ya mito ya Montana au Wales.

Naiheshimu kazi hiyo, na familia nyingi zimesomesha watoto kwayo. Lakini ina pengo ambalo biashara haiwezi kuliziba: aliyefunga na atakayevua hawajuani. Samaki akikataa, fundi hapati habari. Uzi ukifumuka baada ya samaki wa pili, habari inapitia kwa muuza duka, msambazaji na meneja kabla ya kufika kwenye meza, ikiwa itafika. Kebari inayobadilishwa mkono kwa mkono haina mlolongo huo, na nadhani ndiyo maana wavuvi, ambao kwa kawaida ni wachoyo wa siri, wanaukubali mchezo huu.

Mchezo wenyewe uko hivi. Watu kumi, tuseme, wanakubaliana. Kila mmoja anachagua muundo mmoja na kufunga kebari kumi za muundo huo. Zote zinatumwa kwa mratibu, ambaye anazipanga upya: kila mshiriki anarudishiwa kumi, moja kutoka kwa kila fundi, ya kwake ikiwemo. Umetoa kumi zinazofanana, umepata tisa usizozijua. Pesa haijahusika isipokuwa nauli ya kifurushi, na kati ya Maganzo na Mwanza nauli hiyo ni ya kumpa kondakta wa basi bahasha.

Ugumu umejificha kwenye neno "zinazofanana". Kufunga kebari moja nzuri si kazi, jicho linakusamehe. Kufunga kumi, zote na mizunguko mitatu ya unyoya, mwili unaoishia mahali pamoja, jicho lisilozibwa na uzi, hapo ndipo mkono unapofundishika. Na hapo ndipo kebari ya uzi na tetea inapowashinda jamaa wa dhahabu na ndege wa Tring. Muundo ukiwa na malighafi saba, kumi zinazofanana zitakumaliza. Ukiwa na mbili, makosa yako yanaonekana moja kwa moja, na kesho yake unayarekebisha. Mpokeaji naye anapata zaidi ya ndoano. Anaifumua moja, uzi kwa uzi, anaona ulianzia wapi na ulimalizia wapi. Hakuna kitabu kinachofundisha hivyo, na hakuna siri ya bonde inayobaki siri.

Maganzo ina vitu vyote vya kuuanzisha mchezo huu isipokuwa mazoea. Vidole vilivyozoea kushika jiwe la robo karati kwa kibano havitapata shida na ndoano. Lenzi ipo mfukoni. Karatasi ya almasi, ile inayokunjwa ikajifunga yenyewe, inabeba kebari mbili bila kuzibonda; kwa kumi tumia kiberiti kitupu, ukatie ndani kipande cha ndala iliyochakaa na kuchomeka ndoano humo. Maji ya kujaribia hayako mbali: mabwawa na malambo ya wilaya, majaruba wakati wa masika, na kwa mwenye nauli, Ziwa Victoria lenyewe. Kambare wa majaruba atakubali karibu chochote, kwa hiyo usimtumie kama hakimu. Furu ni hakimu mzuri. Ni mdogo, ana macho, anakula wadudu na anatema haraka. Spishi nyingi za ndugu zake zilipotea ziwani baada ya sangara, aliyeletwa miaka ya 1950, kuongezeka kwa kasi miaka ya 1980, lakini waliobaki kwenye mawe na matete wanatosha kukuonyesha kama unyoya wako unapumua au umekufa. Sato mkubwa atakuvunja moyo. Chakula chake kingi ni mwani, na siku anayoichukua kebari ni siku yake, si yako.

Kuna mambo mawili ya kisheria ya kuzingatia. Manyoya ya kwale na kanga wa porini yanapendeza kuliko ya tetea, na utashawishika. Ndege hao wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo bila kibali waache. Kanga wa kufugwa ana madoadoa yaleyale. La pili ni kwa wenye marafiki ng'ambo: nchi kadhaa zinadhibiti uingizaji wa manyoya kwa kuogopa mafua ya ndege, na kifurushi kinaweza kuishia kwenye tanuri la forodha. Uliza kwanza. Kubadilishana na mtu wa Mwanza, Bukoba au Nyeri kuna faida zaidi hata hivyo, maana mnavua samaki wanaofanana au walau mnaweza kupigiana simu na kubishana.

Kila kebari iende na kikaratasi: jina la aliyefunga, ukubwa wa ndoano, uzi, unyoya ulitoka kwa ndege gani na sehemu gani ya mwili, na maji iliyojaribiwa. Hicho cha mwisho ndicho watu wanachokiruka, nami nikiwa mratibu ndicho ninachokisoma kwanza. Kama haijawahi kuloa, andika hivyohivyo. Mratibu anayepokea kebari tisa badala ya kumi anairudisha bahasha nzima kwa mwenyewe na kuwafahamisha wengine, kwa sababu kupungua kwa moja kunamaanisha kuna mtu atakayefungua kiberiti chake na kukuta tundu kwenye ndala, na msimu ujao huyo hatafunga.